Mstari wa Katikati Hausemi Ukweli Wote

Vijana wangu mnaoandika programu, naanza kwa kusahihisha. Katika sherehe ya kuniaga kazini alisimama mtu ambaye siku ninayotaka kuieleza hakuwapo, akashika kipaza sauti, akawaambia wageni kwamba siku ile ya miche ya mwiritsa, ule mti wa msituni ambao gamba lake ni dawa, "mashine ilichanganyikiwa kidogo, kisha ikakaa sawa yenyewe." Watu wakapiga makofi. Mimi nikanyamaza, kwa kuwa mbuzi alikuwa amechinjwa kwa heshima yangu, na si adabu kumkaripia mtu mwenye sahani mkononi.

Sasa sahani zimeoshwa. Mashine haikuchanganyikiwa. Mashine ilitenda ilichoamriwa, neno kwa neno, na haikukaa sawa yenyewe kama vile shati lililovaliwa nje ndani lisivyoweza kujigeuza mwilini mwa mwenyewe. Waliolikosea shati ni watu, na waliolivua na kuligeuza ni watu. Nitawataja.

Nilihudumu kama afisa wa kumbukumbu, miaka ya kwanza katika ofisi ya mjini Kakamega, na miaka ya mwisho katika kituo cha miche kando ya msitu, upande wa Isecheno. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba kilichoandikwa ndicho kilichopo. Wengi hudhani hiyo ni kazi ya kuketi. Wajaribu.

Aliyenifundisha programu ni Bi. Zainab wa Mumias, mkubwa wangu kule mjini. Aliingia ofisini kwa "Asalaam aleikum" kamili, na hakugusa kompyuta kabla hajaitikiwa na kila aliyekuwamo, hata wale waliokuwa wamechelewa na wangependa asiwaone. Siku moja aliagiza chai ya maziwa, chai ya rangi, uji na maji, akaviweka vikombe kwenye pembe nne za meza, kila pembe kikombe chake.

"Nataka kila kinywaji kihamie pembe inayofuata, kwa mwendo wa mshale wa saa," akasema. "Vikombe visisogee. Vinywaji ndivyo visafiri. Shikuku, anza."

Shikuku alikuwa karani mwenzangu, mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa mdomo. Akachukua uji, akaumimina moja kwa moja kwenye kikombe cha chai.

"Simama hapo. Umepika nini?"

"Chai ya uji, Bi."

"Utainywa."

Akainywa, huku akituapia kwamba kwao Shianda hicho ni kinywaji cha maharusi. Kisha Bi. Zainab akajaza upya vikombe vilivyoharibika, akatoa kikombe cha tano, kitupu. Akamimina humo kinywaji cha pembe ya kwanza. Pembe ile ikawa wazi, kwa hiyo kinywaji cha pembe ya nyuma yake kikaingia bila kumchafua mtu. Pembe ya nyuma ikawa wazi, nayo ikapokea. Hivyo hivyo hadi pembe ya mwisho, ambayo ilipokea kile kilichokuwa kikingoja katika kikombe cha tano. Pembe nne zimezunguka, na nyongeza tuliyohitaji ni kikombe kimoja tu.

"Mbona tusilete meza nyingine na vikombe vingine, tupange upya huko?" nikauliza.

"Bwana Shitanda, ukitaka kugeuza kitanda chumbani mwako, unajenga chumba kingine?"

Hilo ndilo somo zima la kuzungusha jedwali mraba mahali pake. Jedwali mraba ni lile ambalo milalo yake, yaani mistari inayokwenda kushoto kulia, ni mingi sawasawa na wima zake, yaani mistari inayoshuka. Unazungusha pembe nne, kisha majirani wa pembe, wanne wanne, ukimaliza ukingo wa nje unaingia ukingo wa ndani yake, mpaka ufike katikati. Daima mmoja anangoja mkononi.

Ipo njia nyingine, ambayo Bi. Zainab aliipenda zaidi kwa sababu, alivyosema, hata mtu mwenye usingizi anaweza kuikumbuka. Ina hatua mbili. Hatua ya kwanza, unapindua jedwali juu ya mshazari, ule mstari unaotoka pembe ya juu kushoto hadi pembe ya chini kulia: kilichokuwa mlalo wa pili wima wa tano kinabadilishana na kilichokuwa mlalo wa tano wima wa pili. Kila mlalo unakuwa wima. Hatua ya pili, unageuza kila mlalo mwanzo mwisho: wa kwanza anabadilishana na wa mwisho, wa pili na wa pili kutoka mwisho, mpaka wakutane. Jedwali limezunguka robo kwa mwendo wa saa. Hatua mbili. Si moja na nusu.

Shikuku aliandika hatua ya kwanza, akaiendesha, jedwali likatoka vilevile lilivyoingia. Akaendesha tena. Vilevile.

"Bi, mashine imekataa."

"Haijakataa. Wewe umepita kila nafasi ya jedwali, sivyo? Ulipofika kwa huyu ukambadilisha na yule. Ulipofika kwa yule ukambadilisha tena na huyu. Ukibadilishana jogoo na jirani asubuhi, na jioni mkabadilishana tena, usije kuniambia jogoo wako hakutoka nyumbani."

Tangu hapo tulijua kwamba hatua ya kwanza hupita upande mmoja tu wa mshazari. Yaandikeni haya mahali mtakapoyaona. Mafunzo ya Bi. Zainab yalikuwa bure, ila kwa Shikuku, aliyelipa kwa tumbo.

Sasa niingie kituoni.

Kitaluni tulikuwa na tuta moja la mraba, lililopangwa miche katika viriba vyeusi vya plastiki, kiriba kando ya kiriba, milalo na wima. Idadi ya kila upande ilikuwa witiri, yaani isiyogawanyika kwa mbili, kwa hiyo palikuwa na mstari wa katikati kamili. Mpangaji wa tuta huvuta kamba ya katikati kwanza, ndipo apange kwenda pande zote. Na kwa sababu hiyo viriba vya mstari wa katikati ndivyo pekee vilivyofungwa vibao vya bati vyenye namba. Vingine vilijulikana kwa nafasi zao. Ulikuwa utaratibu wa kituo tangu kabla yangu, nami naungama sikuwahi kuona ubaya wake hadi siku hiyo.

Msitu ulilitia kivuli tuta upande mmoja kila asubuhi, na miche iliinamia mwanga kama watu wanaosikiliza umbeya. Ili kila mmoja apate zamu yake ya jua, wanawake wa kitalu walilizungusha tuta robo, kwa mwendo wa saa, kila ilipobidi. Hapakuwa na tuta jingine la kuhamishia. Yote yalikuwa yamejaa. Basi walifanya kwa mikono kile Bi. Zainab alichokifanya kwa vikombe. Mmoja anainua kiriba cha pembeni, anasimama nacho kifuani, wengine wanasukuma vya kwao, na wa kwanza anaketisha chake mwisho. Aliyewaongoza ni Mama Mmbone, mwenye mkono wa kulea na ulimi wa kuchuna.

Tuta likizunguka, lazima na jedwali lizunguke, la sivyo kitabu kinasema jambo moja na udongo jambo lingine. Jedwali lilihifadhiwa ndani ya kifaa kidogo kilichokaa kwenye sanduku la bati kitaluni, chenye kioo cha upana wa vidole viwili na kumbukumbu ndogo mno. Kilistahimili mvua, nacho kilituonyesha kwa kila nafasi alama moja: mche mzima, mche wa kuangaliwa, mche mgonjwa. Nilipoanza kukabidhi kazi, kifaa kilipewa kijana aliyenirithi, Bwana Wekesa wa Navakholo, msomi, mchangamfu, mwenye bidii ambayo sina haki ya kuikosoa.

Miche ile ilikuwa ya mwiritsa, na yote ilitokana na mti mmoja. Mama Mmbone mwenyewe ndiye aliyeokota mbegu chini yake, msimu mmoja kabla ya watu wasiojulikana kuubandua gamba kwa ajili ya dawa, pande zote, mpaka ukakauka na kuanguka. Mbegu za mwiritsa hazivumilii kuwekwa; usipopanda mapema umepanda kokoto. Kwa hiyo chochote kilichobaki cha mti ule kilikuwa kimesimama katika tuta lile, na hapakuwa na pengine pa kukitafuta.

Kisha mfereji wa bati wa ghala la zana ukatoboka. Maji yakawa yanadondokea pembe moja ya tuta, yakatuama, na viriba vya huko vikashikwa na uozo wa mizizi. Ugonjwa huo ni mnafiki. Majani yanabaki ya kijani, shina linasimama, na chini mizizi inakuwa tope. Watafiti walichukua udongo, wakapima, wakatupa alama za kila nafasi, zikaingizwa kwenye jedwali. Mfereji ukazibwa. Tuta likazungushwa robo kama desturi. Bwana Wekesa akalizungusha jedwali. Na Mkuu wa kituo akatoa amri: miche yenye alama ya ugonjwa ichomwe, iliyobaki itolewe kesho yake ikapandwe msituni.

Mimi nilifika asubuhi ya siku ya kuchoma, kurudisha ufunguo wa ofisi tu.

Nilikuta mabua makavu ya mahindi yamerundikwa kando ya tuta, na chupa ya mafuta ya taa juu yake. Mama Mmbone alikuwa ameketi juu ya karai lililopinduliwa, mikono mapajani, jambo ambalo sikuwahi kuliona mchana wa kazi.

"Mulembe, Mama Mmbone."

"Mulembe, Bwana Shitanda. Umekuja kuaga sisi ama kuaga miti?"

"Ni ipi inayochomwa?"

"Hii ya kona ya msitu, upande ya mto. Kijana amesoma kwa hako kadude kake." Akainuka, akachukua kiriba kimoja kilichokwisha kutengwa, akakiinua mbele ya uso wangu. "Angalia. Kama huyu ni mgonjwa, basi na mimi nilazwe. Mimi nakuzanga miti, sijawai choma moja. Na mama yao ashaanguka, utapata wapi ingine?"

"Ugonjwa huu hauonekani kwa majani," nikamwambia, kwa maana ndio ukweli, na sikutaka kumpa faraja ya uongo.

"Hivyo ndivyo wote mnasema."

Nikakizunguka kile kitalu. Sikuwa na sababu. Ni mazoea ya miguu. Nikasimama mgongo ukielekea ofisini na uso ukielekea mto, barabara ikiwa kushoto kwangu na msitu kulia. Pembe ya kulia, iliyo karibu na mto na msitu, ndiyo iliyokuwa ikitengwa ichomwe. Nikatazama pembe ya kushoto, iliyo karibu na mto na barabara. Viriba vya huko vilikuwa na michirizi myekundu ubavuni, kama vimelia kutu.

Nikainama. Nikapitisha kidole. Ilikuwa kutu kweli, ya bati.

"Mama Mmbone, viriba vilivyokuwa chini ya mfereji mliviweka wapi mlipozungusha?"

"Si hapo umesimama? Vilikuwa kona ya ghala, karibu na barabara. Tumezungusha kama saa, vimekuja juu hapa. Wewe mwenyewe ndiyo ulitufundisha sheria ya saa, sasa umesahau?"

Sikuwa nimesahau. Katika jedwali letu upande wa mto ndio juu, na upande wa ghala na ofisi ndio chini. Pembe ya chini kushoto, ikizunguka robo kwa mwendo wa saa, huja juu kushoto. Kifaa kilisema wagonjwa wako juu kulia. Tuta na jedwali vilikuwa vimeachana njia.

Nikamwita Bwana Wekesa. Alikuja na kifaa mkononi, amekunja mikono ya shati, jasho usoni, kwa maana yeye pia hakuipenda kazi ya siku hiyo.

"Mzee, nilikagua kabla ya kupeleka kwa Mkuu. Vibao vyote vimetokea mahali pake."

"Vyote vya wapi?"

"Vya katikati."

"Na vya pembeni?"

"Pembeni hakuna vibao, mzee."

"Eleza ulivyozungusha."

"Kwanza nilijaribu kutengeneza jedwali la pili nihamishie huko. Kifaa kikaganda, nafasi haitoshi. Ndio nikaamua kubadilishana ndani kwa ndani. Kila mlalo ukawa wima. Nikaangalia mstari wa katikati, ulikuwa umelala, sasa umesimama, wa kwanza yuko upande wa mto kama kwa tuta. Ikakubali, mzee. Hata Mkuu alisimama hapa na akaona imekubali."

Hapo, vijana, ndipo palipo na shimo, na ninawataka mlichungulie polepole. Bwana Wekesa alifanya hatua ya kwanza, kwa usahihi kamili, wala hakuanguka katika mtego wa jogoo wa Shikuku. Hakufanya ya pili. Kila mlalo ulikuwa umekuwa wima, lakini jedwali halikuwa limezunguka; lilikuwa sura ya tuta katika kioo, kushoto kumekuwa kulia. Sasa fikirini: hatua ya pili hugeuza kila mlalo mwanzo mwisho. Nani asiyesogea mlalo unapogeuzwa hivyo? Aliye katikati. Basi mstari wa katikati, wenye vibao, unatoka sahihi iwe umefanya kazi nzima au umefanya nusu. Tulikuwa tumekagua mahali pekee katika tuta zima ambapo kosa halingeweza kuonekana. Ni sawa na kumuuliza mtu aliyelala mchana kutwa kama mvua ilinyesha.

Nikaenda ofisini. Mkuu alikuwa anasaini.

"Bwana Shitanda. Ufunguo umeleta?"

"Nimeuleta, Mkuu."

"Vizuri. Uache hapo mezani, uende nyumbani upumzike. Umetumikia."

"Nitauacha mezani moto ukiahirishwa. Jedwali halilingani na tuta. Mnataka kuchoma miche mizima, na kesho mpeleke ile iliyooza ikapandwe msituni."

Akaweka kalamu chini. "Kazi hiyo imekaguliwa. Mimi mwenyewe nilikuwapo. Tena, kwa heshima, wewe umeshakabidhi."

"Nilikabidhi kazi, Mkuu. Macho sikukabidhi. Uje uone kutu."

"Kutu?"

"Kutu. Kama nimekosea, nitaomba radhi mbele ya wafanyakazi wote, na kibiriti nitakiwasha mimi."

Nadhani ni kibiriti kilichomwinua. Alitaka kuniona nikikiwasha.

Kwenye tuta alisikiliza, akatazama michirizi, akatikisa kichwa. Kutu, alisema, si ushahidi. Bati hudondoka popote. Hapo palikuwa pamebaki njia moja, nayo ilikuwa chungu: kufungua viriba viwili, kimoja cha kila pembe, na kuitazama mizizi. Mwiritsa mchanga ukimfunua mizizi mara nyingi hakusamehe, na ndiyo maana hatukuweza kuwafungua wote tukawasoma mmoja mmoja. Nilimgeukia Mama Mmbone, kwa kuwa haki ya kuchagua ilikuwa yake.

"Unataka nifukue mtoto ndiyo nijue kama ni mzima?"

"Mmoja, Mama. Kwa ajili ya wengine."

Alinitazama kwa jicho ambalo sitalisahau, kisha akachukua wembe. Kwanza akapasua kiriba chenye kutu. Majani yalikuwa mazuri. Udongo ulianguka kama uji, mizizi ilikuwa myeusi, na harufu ikatufanya tugeuze nyuso. Kisha akapiga magoti, akapasua kile cha pembe ya msitu, kilichotengwa kwa moto. Mizizi ilikuwa myeupe, imejisokota kama uzi mpya.

Mama Mmbone aliufunika ule mzizi kwa kiganja, akaukusanyia udongo wake, akaufunga kwa ganda la mgomba. Alikuwa akiusemesha kwa Kiluhya, na si maneno yaliyotuhusu.

"Sawa," Mkuu akasema mwishoni, na sauti yake ilikuwa imeshuka ngazi kadhaa. Akatazama juu. Mvua ya Kakamega haihitaji mtabiri; mchana ukishageuka, inakuja, na mabua yakilowa hapachomwi kitu, na kila siku ya kungoja uozo ungetembea kwa majirani. "Basi someni kinyume. Kifaa kikisema kulia, nyinyi mchukue kushoto. Tumalize."

"Hapana," nikasema.

"Hapana?"

"Kumbukumbu hurekebishwa, Mkuu. Haisomwi kwa kukonyezana. Leo sisi tunajua kulia ni kushoto. Kesho anayegawa miche ni mtu mwingine, na mwezi ujao tuta litazungushwa tena juu ya uongo huu. Ugonjwa nao haukukaa pembeni tu; alama zimetapakaa hadi ndani, moja hapa, mbili kule. Mtu mwenye haraka akizisoma kinyume akiwa na mvua shingoni, atachanganya. Bwana Wekesa ataandika hatua ya pili sasa hivi, hapa hapa."

"Na mvua?"

"Mvua ina kazi yake, nasi tuna yetu."

Bwana Wekesa aliketi juu ya karai la Mama Mmbone, kifaa magotini. Nilisimama nyuma yake na sikugusa kitu. Kazi ilikuwa yake na nilitaka ibaki yake. Alizungumza kwa sauti ya chini huku akiandika: "Kwa kila mlalo, kidole kimoja mwanzo, kidole kingine mwisho. Wa mwanzo namshika mkononi. Wa mwisho anakuja mwanzo. Niliyemshika anaenda mwisho. Vidole vinasogea ndani. Vikikutana, nasimama." Nikamsikia Bi. Zainab akicheka mahali fulani. Hapakuhitajika jedwali la pili. Kifaa kile kidogo, kilichokuwa kimeganda awali kwa kubebeshwa vyumba viwili, kilitosha kabisa kugeuza kitanda ndani ya kimoja.

Ngurumo ya kwanza ikapita juu ya msitu.

"Nimebonyeza," akasema.

Kioo kikakaa kimya. Kisha kikaonyesha jedwali, na pembe ya juu kulia ilikuwa bado imejaa alama za ugonjwa.

"Mzee, haijabadilika!"

Mkuu akavuta pumzi ya mtu aliyekuwa akiingoja nafasi hiyo. Mimi nikauliza swali ambalo kila karani aliyeonja chai ya uji angeliuliza.

"Umebonyeza mara ngapi?"

"Moja." Akakitazama kifaa. "Ilikuwa imechelewa kuonyesha. Nikabonyeza tena kidogo."

"Tena kidogo!" Mama Mmbone akadakia. "Kama mtu amenipiga kofi kidogo."

"Umegeuza, kisha ukageuza ulichogeuza," nikamwambia. "Jogoo amerudi nyumbani. Mpeleke tena, safari hii uweke mikono mfukoni."

Akabonyeza. Akaweka mikono mfukoni kweli, kama mwanafunzi. Kioo kikawaza, kikawaza, kikaonyesha. Alama za ugonjwa zilikuwa juu kushoto. Hatukuishia hapo. Nilimwagiza asome pembe, si katikati: mlalo wa kwanza wima wa kwanza, mgonjwa, Mama Mmbone akainua kiriba, kina kutu. Mlalo wa kwanza wima wa mwisho, mzima. Kiriba hakina kutu. Tukaenda pembe za chini. Tukaingia ndani kidogo, mahali ambapo kifaa kilisema mgonjwa mmoja amezungukwa na wazima, na hapo palikuwa na kiriba kimoja chenye mchirizi mmoja mwembamba, peke yake katikati ya visafi. Wekesa alipoona ule mchirizi alipiga kelele ya furaha isiyofaa mahali pa kazi, nami sikumkemea.

Sikuwa nimekosea, ila Mkuu alinikabidhi kibiriti hata hivyo, nikakiwasha. Viriba vya kutu vikaungua kwa moshi mnene, na mvua ikafika moto ukiwa umeshakula ulichopewa. Tulijibanza chini ya bati la ghala, lile la mfereji, sote wanne mabega kwa mabega. Mkuu akanyoosha kiganja. Nikaweka ufunguo juu yake. Akaupokea kwa mikono miwili.

Ndivyo ilivyokuwa. Mniambie sasa ni wapi katika habari hii mashine "ilikaa sawa yenyewe."

Ninawaandikia kwa sababu ninyi mna mashine zenye nafasi kubwa kuliko maghala, na mnacheka mkisikia habari za kikombe cha tano. Chekeni. Lakini nafasi kubwa haimwambii mtu kama sura aliyonayo ni ya tuta au ya kioo. Mkiandika kitu kinachozungusha, msikikague mahali panapobaki palepale kikizungushwa vibaya. Chagueni nafasi mbovu, ya pembeni, isiyofanana na nyingine yoyote, muulize: huyu ameenda wapi? Na kama mtu wa cheo amesimama kando yenu akasema imekubali, mwombeni kwa heshima asogee hadi pembeni.

Wekesa aling'oa vibao vya bati katikati wiki hiyo hiyo na kuvifunga kwenye pembe. Nasikia wafanyakazi wapya huwaambia wageni kwamba ni urembo. Si urembo. Hilo nalo lisahihishwe.

Majuzi Mama Mmbone alinitumia salamu kupitia kwa mpwa wangu: "Mwambie Bwana Shitanda, ule mtoto alifanya nifukue mizizi, akuje amwombe msamaha." Nikaenda. Miche ilikuwa imepandwa msituni kwa mraba, kuzunguka shimo lililoachwa na mti mama, na ule wa ganda la mgomba ulisimama kwenye pembe ya upande wa mto, umenipita kimo, na kibao cha bati kinaning'inia shinani.

"Haya, sema," akaniambia.

Nikavua kofia, nikasema. Kisha nikaanza kuwakagua wengine, kutoka pembeni.